Maombolezo Juu ya Chemba

Ndugu zangu wa kundi hili, mzee mwenzenu leo nimeaibika, na Jumapili kile kiti cha mbele sijui nitakikalia vipi.

Dada yangu Tabitha alivuka mpaka jana kutoka Zambia, alikoolewa tangu usichana. Mnajua amemzika Boazi, mwanawe wa pekee, dereva wa malori. Msichojua ni kwamba hakulia. Aliniambia kwenye simu, "Nitalia kwa mama. Nipeleke nimweleze mwenyewe." Mama yetu amelala kwenye makaburi ya misheni ya zamani, kule bondeni karibu na mto. Dada ana ugonjwa wa moyo. Sote wawili tulijua safari hii haitakuwa na nyingine.

Asubuhi tukakodi teksi. Nikaona tupitie kwanza kwenye kimondo, apate pumzi kidogo. Nikajifanya mtaalamu (sijui kitu), nikamweleza jinsi jiwe lile la chuma lilivyoanguka kutoka juu kabla ya babu wa babu zetu. Akaliwekea kiganja.

"Lilianguka bila mtu kujua?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Habari za Boazi nazo ziliniangukia hivyo. Nilikuwa napepeta maharage." Akaondoa mkono. "Twende kwa mama."

Siku hizi wageni huja misheni kulitazama lile kanisa la matofali la wamisionari, kwa hiyo pamepambwa. Mawe ya njiani, mashina ya miti, makaburi, vyote vimepakwa chokaa. Kaburi la mama nililishika kwa alama moja: saruji tupu isiyo na jina, mwisho wa ukuta. (Msalaba wa mbao mchwa waliumaliza.) Kumbe ukuta wameurefusha. Na macho yangu haya yenye mtoto wa jicho yakaona saruji nyeupe mwisho wa ukuta. Nikavua kofia.

"Ni hapa, dada."

Akatandika chitenge chake, akaketi, akaweka mkono juu ya saruji. Hapo akafunguka.

"Mayo," akasema, kama wanavyomwita mama huko kwao, "yule uliyembeba mgongoni nimemfukia. Alisema akirudi ataniezekea jiko. Mabati yapo, mayo. Yeye hayupo."

Alilia kama binti mdogo. Mimi nikaanza wimbo wa maziko, macho nimeyafumba. Harufu niliisikia. (Nilidhani ni zizi la jirani, nikamsamehe.)

Nilipofumbua macho, mama mmoja mwenye fagio alikuwa amesimama kando kwa heshima, akingoja amina.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Poleni sana. Mmefiwa na nani?"

"Marahaba. Mama yetu tulimzika hapa zamani," nikamjibu.

Akatazama chini. "Baba, hapo hakuna mtu. Hiyo ni chemba ya vyoo vya wageni. Nilikuwepo ikichimbwa."

Nikatamani ifunguke inimeze. (Kisha nikalifuta wazo hilo.)

Dada akanitazama. "Yohana. Nimemlilia mwanangu chooni?"

Nikairudisha kofia kichwani.

Yule mama akatuzungusha nyuma ya ukuta, mahali ambapo chokaa haikufika kwa kuwa wageni hawafiki. Nikapapasa saruji iliyopasuka, nikaijua. Marehemu baba aliisawazisha kwa ubao wa mlango, na mistari ya ubao ipo mpaka leo.

Dada hakuketi.

"Sema naye, dada."

"Nimeshasema. Yote yameishia kule. Siwezi kumzika Boazi mara tatu."

Basi mimi, ninayewaonya watu kwenye kila msiba wasizungumze na wafu, nikapiga magoti kwenye majani, nikamwambia mama kwamba Boazi ametangulia na Tabitha amechoka. Sikuwa na maneno mengi. Mwenye fagio akaitikia amina. Dada akataka kujifuta uso kwa chitenge, akakumbuka kilikuwa kimetandikwa wapi, akakikunja. Akanipa mkono. Mgonjwa ndiye aliyeniinua.

Jioni hii amevuka kurudi kwake. Mchungaji, kama umo humu, najua utakaloniambia, nami nitalipokea. Ninyi wengine, mwenye kucheka na anicheke mimi. Dada mwacheni. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Mahali pa kuyamwagia ndipo nilipokosea mimi.