Njia ya Tatu ya Kwenda Kondoa

Shaibu alimwona yule mama akiwa bado anashusha mizigo kwenye behewa, punda wake wakingoja kando, na moyo ukamwambia: riziki ndiyo hiyo.

Miaka hiyo ya Mdachi reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu, na kazi ya misafara ilikuwa inakata roho. Babu yake Shaibu alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi mpaka Tabora. Shaibu mwenyewe hakuwahi kuvuka hata Ihumwa, hapo jirani, kwa miguu. Lakini kila asubuhi alijipaka vumbi miguuni, akashika fimbo na kibuyu, akasimama karibu na stesheni kama mtu aliyetoka porini sasa hivi, akiwauzia wageni habari za njia. Mgeni akishamlipa ili aongozwe, Shaibu aliomba ruhusa akamuage mama yake. Mama yake, Mungu amrehemu, alikufa zamani. Ndiyo maana kumuaga kulichukua muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naitwa Stara. Nataka kufika Kondoa na chumvi hii. Wanasema njia ni mbili."

"Zilikuwa mbili," alisema Shaibu kwa huzuni. "Ya Chemba imekufa. Visima vimekauka, miiba imefunga njia, na simba wamekaa kama wenye nyumba. Hii ya kuzungukia Bahi ni matope; punda wako watazama mpaka masikio."

Bi Stara alishika shavu. "Basi mimi mjane nimekwisha."

"Ipo ya tatu. Ninayeijua ni mimi peke yangu. Gora moja zima la kitambaa cha merikani, nalo kabla ya kuondoka."

"Nitakupa sasa hivi," alisema Bi Stara. Akamwonyesha mzigo mmoja mnene, umeshonwa kwa kamba pande zote. "Gora lako limo humu ndani. Siwezi kufumua hapa, vumbi litaingia. Libebe mwenyewe, usije ukaniona tapeli."

Shaibu aliupima ule mzigo kwa macho, akaona ndani yake si gora moja, ni magora. Habari za kumuaga mama akazisahau. Alijitwika, shingo ikaingia mabegani, akajiambia kwamba kichaka cha kwanza ndicho atakachopotelea nao.

Shida ni kwamba Bi Stara alitembea nyuma yake na fimbo ya punda mkononi, na vichaka vilipita kimoja baada ya kingine. Kwenye njia panda Shaibu alisimama akatazama jua kama mtaalamu.

"Naona unataka kutupitisha kulia," alisema Bi Stara.

"Ndiyo hasa," alijibu Shaibu.

Ndivyo alivyoongoza msafara, siku baada ya siku, mpaka wakatokea mahali penye kisima kilichojaa na ng'ombe wengi wakinywa. Mchungaji mmoja mzee, Matonya, alikuja akicheka.

"Mama Stara, karibu Chemba. Tangu reli ije hatujakuona. Leo umepata mpagazi?"

"Nimempata stesheni," alisema Bi Stara. "Siku hizi wapagazi wote wamekimbilia reli, lakini Mungu hamtupi mja wake."

Shaibu akainama, akanywa maji ya kisima kilichokauka.

Adhuhuri, Bi Stara alipolala kivulini, Shaibu akajitwika mzigo na kuingia porini. Miiba ile aliyoitangaza stesheni aliikuta yote huko, na ilimvua kanzu vipande vipande. Akapinda huku, akapinda kule, koo likakauka, na kila mtikisiko wa nyasi aliuona una mkia wa simba. Mwishowe akaona moshi. Akaukimbilia huku akimshukuru Mungu, akatokea mbele ya chungu cha ugali cha Bi Stara.

"Ulikwenda kukagua njia?" mama aliuliza, akikoroga. "Vipi hali yake?"

"Si nzuri," alisema Shaibu, akatua mzigo.

"Pole, baba. Nawa mikono tule."

Kondoa walifika salama, na mzigo ukafumuliwa sokoni. Ilitoka chumvi, ikafuata chumvi, na chini kabisa ilikuwepo chumvi.

"Gora langu liko wapi, mama?"

"Liko kwenye njia ya tatu," alisema Bi Stara. "Twende ukanionyeshe, nami nitakupa."

Shaibu alimtazama. Kisha kicheko kikampanda, akakaa chini juu ya mafumba matupu, ile mifuko ya ukili iliyokuwa na chumvi, akacheka mpaka wauza asali wakageuka. Katika maisha yake alikuwa amepunja wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpikia ugali.

"Narudi Dodoma na nta," alisema mama, naye akitabasamu. "Safari hii nakulipa kweli. Shuka nzima, unavyoiona, maana kanzu yako imekwisha."

"Malipo kwanza."

"Ili ukamuage mama yako? Habari zako nilizisikia stesheni. Nusu hapa, nusu Dodoma."

Wakapatana. Bi Stara akaichukua shuka, akaichana katikati kwa urefu, akampa nusu.

Asubuhi watu wa Kondoa walimwona Shaibu akitoka mjini na nta kichwani, amesitirika mbele tu, mkono mmoja nyuma, akienda mbio kuliko punda.