S Imepotea Mjini

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua kitu! Naandika nimejifungia chooni, maana ndiko kwenye komeo pekee linalofanya kazi nyumba nzima.

Asubuhi nilipeleka kiatu kwa fundi. Akakigeuza, akakitazama kwa huzuni, akaniambia oli imekufa. Nikamwomba arudie. Oli! Nikamwuliza S ameiacha wapi. Akanitazama vilevile alivyokitazama kiatu.

Miaka yote hii nazunguka na kinasa sauti nikikusanya lahaja, nani anatamka nini na nani anameza nini, kumbe sauti nzima inakufa hapa mlangoni kwangu. Kurudi nyumbani, mke wangu kanituma ukari na abuni. Naye! Janga limeshamfikia.

Ijumaa jopo linatusikiliza watu wawili, mimi na Kidakatonge, na nafasi ya uprofesa ni moja. Kidakatonge ni mwenzangu wa ofisi ya mkabala. Jina nimempa mwenyewe: mdogo, mwembamba, na katika kila kikao yuko nyuma kabisa, ananing'inia kama kile kinyama cha kooni. Nikiikosa nafasi hii nitastaafu mhadhiri wa kawaida, namwamkia Kidakatonge kwa "Profesa". Afadhali nife.

Nilikuwa nimeandaa mada yangu ya lahaja. Ya nini sasa? Nitasoma "Kifo cha S".

Kitu kimoja kinanikera. Siku hizi watu idarani wananong'ona. Nikipita, midomo inacheza, sauti haitoki. Wana jambo.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti. Nilikwenda kwenye foleni ya duka la dawa, pale watu wamesimama tu hawana la kufanya. Nikamwomba kila mmoja aseme: sisi sote tumesimama saa sita. Matokeo yanatisha. Ii ote tumeimama aa ita! Wazee kwa vijana. Mama mmoja kaniuliza kwa upole kama dawa zangu nazo zimechelewa kufika. Mwenye duka akatoka kuniomba nipunguze sauti, kuna wagonjwa. Sauti ipi? Mimi nilikuwa nanong'ona.

Mchana nikazipitisha sauti kwenye mashine ya idara, ile inayochora picha za matamshi. Balaa. Kila mahali pa S pana wingu jeusi, S nono, imeshiba. Nikisikiliza, haipo. Nikitazama, ipo! Mtu aamini nini, mashine ya juzijuzi au sikio lililofanya kazi hii tangu nikiwa na nywele? Halafu nikakumbuka nani aliyesaini kuipokea hiyo mashine. Kidakatonge. Ameichezea!

Nimempa Mkuu wa Idara mada yangu aipitie. Nimeifunga ndani ya gazeti, Kidakatonge asione.

Jioni mke wangu kanipigia kelele kutoka uani kuhusu supu: uitie chumvi. Nikaitia. Tena kwa kuwa nampenda, nikaitia ya kutosha. Mezani kaonja kijiko kimoja, kakiweka chini, kaniuliza kwa nini mimi nikikatazwa ndipo nafanya. Nani kanikataza? Nimeamriwa! Hata humu ndani kuna kitu kinapikwa, mbali na supu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetega sikio kwenye mlango wa Kidakatonge. Mkuu alikuwa ndani. Kimya! Watu wawili ndani ya chumba na hakuna neno. Bila shaka wanaandikiana vikaratasi. Nikagandamiza sikio zaidi. Kumbe mlango haukufungwa sawasawa. Nilitangulia kuingia mimi, miwani ikafuata. Nikawaambia nilikuwa napima jinsi mbao zinavyopitisha sauti. Sidhani kama waliamini.

Lakini hata hivyo, ushindi! Mkuu kanivuta pembeni, kanishika bega. Yeye ni mdogo kwangu kwa umri lakini ana jicho la mama mkwe. Akaniambia taratibu, neno moja moja, kaka yangu, mada hii Ijumaa uilete. Akarudia: nakuomba, uilete! Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia nitaileta hata kwa machela. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha, nadhani.

Kidakatonge kanifuata ukumbini na uso wa msibani. Kaonyesha sikio lake, kaniambia nimwone daktari wa ma-ikio. Ahaa! Ijumaa nilazwe, yeye apite. Nikamwambia atangulie, nitamletea matunda.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu naye kaanza wimbo wa masikio. Anasema televisheni yetu inasikika hadi kwa jirani, na jirani amekuja kugonga mara tatu. Mbona sikumsikia? Watu wawili, neno moja, siku mbili mfululizo! Kidakatonge ameshafika hadi jikoni kwangu.

Ushahidi huu hapa. Asubuhi nilikuta kichupa cha dawa kando ya kikombe changu, eti matone. Nikayamwaga kwenye chungu cha maua. Mpaka jioni maua yamesimama vizuri tu. Ni sumu ya polepole.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa suti. Jopo limekaa, Mkuu katikati, Kidakatonge nyuma ananing'inia. Nilipotaja kichwa cha mada, Mkuu akafumba macho. Nikawasha kinasa sauti, nikawaambia wasikilize wenyewe, S hakuna. Wakasikiliza. Wakatazamana. Profesa mmoja mkongwe akasema yeye anazisikia zote. Nikamwambia kwa heshima, mzee wangu, umri huo. Nikawageukia wengine, je, ninyi mnazisikia? Wakajibu kwa pamoja: tunazi-ikia! Nikapiga meza. Mmeona? Hata ninyi!

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Kidakatonge peke yake hakucheka, alikuwa anatazama viatu vyake. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mkuu akaenda ubaoni, akaandika neno aliloniambia Jumatano. USILETE. Akapiga mstari chini ya S, mpaka chaki ikakatika.

Nikasoma. Nikasoma tena. Usilete, uilete. Herufi moja! Hapohapo nikaielewa na ile supu. Niliona aibu hadi kwenye magoti. Kazi yangu yote ni masikio, sina mtaji mwingine. Nikaketi bila kuambiwa.

Jopo limeamua nikatibiwe, nirudi Jumatatu na mada yangu ya lahaja, waisikilize kana kwamba leo haikuwapo. Kumbe aliyeniombea ni Kidakatonge. Alisimama, akasema mwenzao hawezi kupimwa kwa siku ya ugonjwa. Kwa nini aniombee? Bure bure tu? Nalala nalo hili.

Jumamosi, 8 Machi

Muuguzi wa masikio kachungulia upande mmoja, akaguna. Kachungulia wa pili, akaenda kumwita mwenzake. Nta! Kila sikio na kizibo chake. Kaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasikiliza watu. Akasema spika ninazochomeka masikioni kutwa ndizo zimeishindilia, na akaniuliza mke wangu anaishije. Akanisukumia maji ya uvuguvugu masikioni. Vilivyotoka sivielezi.

Halafu bomba likafunguliwa: sssss! Nikaruka kitini.

Njiani mke wangu kasema kwa sauti ya chini kwamba amepumzika, koo lake lilikuwa linaota sugu. Nilimsikia neno kwa neno. Nikamshika mkono, nikamwomba radhi ya supu. Nikaahidi kwamba Jumatatu ni lahaja tu, basi.

Jumapili, 9 Machi

Siwezi kunyamaza!

Nimezunguka tangu asubuhi. Fundi wa viatu: soli! Foleni ya dawa: sisi sote, saa sita, S zinamwagika kama mvua. Mji mzima! Mtu wa kawaida atasema ni nta. Sawa, nta ilikuwapo, sibishi. Lakini mwanasayansi hana budi kujiuliza: sauti iliyokufa kwa wiki nzima imerudije vinywani mwa watu wote kwa siku moja? Hakuna lahaja duniani iliyowahi kupona hivi. Na sasa namwelewa Kidakatonge. Alijua! Alitaka nirudi Jumatatu na kijimada changu cha lahaja, S abaki nayo yeye. Mjanja, lakini nimemwahi.

Mada ya lahaja nimeichana. Mpya inaitwa "Ufufuo wa S".

Mke wangu alipita nyuma yangu na chai, akasoma kichwa cha mada begani kwangu. Akasimama. Akasema, taratibu kabisa, baba watoto, usithubutu kusoma hiyo kesho.

Nimemsikia vizuri mno. S mbili, kali kama wembe, kila moja mahali pake. Nimeziandika kuwa mfano wa kwanza.