Injini Yangu ya Ioni na Mume wa Mama Kahongya

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Injini imepuliza! Injini ya ioni, ya aina inayosukuma satelaiti huko juu, imezaliwa hapa Butembo, mtaani Mususa, chumbani mwangu. Sindano za kushonea, kichujio cha chai, transfoma ya televisheni mbovu, betri ya gari. Umeme unachaji hewa kwenye ncha za sindano, hewa inakimbilia kichujio. Hakuna kinachozunguka, lakini mkono unasikia upepo. Kasonia, fundi wa redio, amechungulia na kusema eti kuku akipiga chafya anapuliza zaidi. Wivu mtupu! Kesho namwalika jirani yangu, mama Kahongya, mjane. Akiona mambo ya anga, atakubali nimuoe mimi, si huyo mfunga nyaya.

Jumanne, 5 Novemba
Amekuja. Ameweka kiganja mbele ya kichujio, machozi yakamtoka. Nikajua sayansi imemgusa. Kumbe! "Hii pumuzi niko naijua," akasema. "Ni ya Syauswa." Syauswa ni marehemu mume wake, mnunuzi wa kakao, alikufa mwaka jana njiani kutoka Oicha. Nikaanza kueleza habari za ioni. Akaniomba ninyamaze, mume wake hapendi kelele.

Jumatano, 6 Novemba
Amerudi na kiti. Si cha kukalia yeye. Cha Syauswa! Ameshinda hapa akimsimulia bei ya maharagwe. Mimi mwenye nyumba nimekaa juu ya ndoo. Kasonia nilimuweza, sasa nashindwa na mtu aliyezikwa. Inaniuma sana.

Alhamisi, 7 Novemba
Hila. Nimesema injini imeharibika, nikachomoa waya za betri mbele ya macho yake. Akanyoosha mkono, akatabasamu. Nikanyoosha wangu. Upepo bado unatoka. Sasa ni wa joto, unanuka kakao iliyolazwa ichache chini ya majani ya ndizi. Niliogopa. Baadaye nikatulia: ni mabaki ya umeme ndani ya transfoma.

Jumamosi, 9 Novemba
Ameomba injini ihamie kwake. Furaha! Injini yangu chini ya paa lake ni nusu ya ndoa. Nimeibeba mwenyewe hadi sebuleni, nikarudi kuchukua betri. Kufika mlangoni, betri begani, akaniita kutoka ndani: "Papa Melchior, ubakie kwanza inje." Nikabaki. Ndani watu wawili walikuwa wanacheka. Sauti nzito ya mwanaume ikakohoa, ikauliza nani yuko mlangoni. Ikajibiwa ni jirani tu.
Nikakimbia kwa Kasonia nione kama sauti ile si yake. Yupo, anafungua redio.

Jumapili, 10 Novemba
Nimefikiri tangu misa. Kosa liko wazi: injini ni ndogo mno. Nikipata transfoma kumi, itamsukuma huyo bwana mpaka Oicha, naye mama Kahongya atabaki peke yake. Ninapoandika kuna kitu kinapulizia shingo yangu, na dirisha limefungwa. Baridi ya Butembo, basi. Jioni nimepita kwa fundi wa nguo, amenipima suti ya harusi.