Kibanda cha Barafuni na Mfuko wa Solveig

Jumamosi, 11 Januari
Barafu ya ziwa imekomaa, sasa inabeba watu. Shemeji Lyle, kaka yake mke wangu Marlys, ameburuta kibanda kipya cha kuvulia samaki hadi katikati ya ziwa. Kina jiko, vitanda viwili, na pazia! Mimi nilivulia nje, kwenye tundu la barafu, nimekalia ndoo. Akachungulia akaniuliza kama ndoo ina chumba cha wageni. Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Nimepata njia. Binti yetu Solveig ana Mfuko wa Chuo. Tumeweka akiba humo tangu akiwa mchanga. Sheria inasema faida yake haikatwi kodi ukiitoa kwa ada, vitabu, chakula na malazi ya mwanafunzi. Ukiitumia kwa mengine, faida inatozwa kodi, na faini juu. Sasa, kibanda chenye vitanda si malazi? Chuo chake kiko ng'ambo ya ziwa. Angelala katikati ya safari. Hoja imetimia.

Jumatatu, 13 Januari
Nimetoa fedha. Nimenunua kibanda. Kikubwa kuliko cha Lyle, na mapazia mawili.

Solveig kakataa kulala huko. Anasema yeye ana kitanda nyumbani, tena chenye mama chumba cha pili na uji asubuhi. Marlys, ambaye ndiye hujaza kodi zetu, akauliza ada ya muhula iko wapi. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikamjibu kwa upole kwamba imegeuka malazi. Akauliza ni malazi gani hayo ambayo serikali inataka yaondolewe ziwani kila Machi kabla barafu haijayeyuka yakazama. Asipolipiwa, Solveig atafutwa muhula huu. Hilo sikulifikiria.

Alhamisi, 16 Januari
Mfa maji haachi kutapatapa. Solveig anasomea samaki. Fedha za vifaa ambavyo chuo kinamlazimisha mwanafunzi awe navyo pia hazikatwi kodi. Nikamwalika mwalimu wake, Dk. Pruitt, aje akione kibanda, kisha akiandike kuwa cha lazima.

Alikuja. Alikagua jiko. Alivua samaki mnono kuliko wote niliovua mwaka huu, akala, akasifu mapazia. Kisha akasema darasa lake linalazimisha kitu kimoja tu, viatu vya mpira. Solveig alikuwa mlangoni. Akaniambia, "Baba, naomba tu usije darasani." Nilijisikia vibaya sana.

Jumapili, 19 Januari
Marlys ametoa hukumu baada ya kanisa. Niuze kibanda, nilipe ada. Mradi ada ilipwe mwaka huu huu fedha zilipotoka, kodi haitatugusa. Sikujua! Nilimwambia ana akili. Alisema anajua.

Mnunuzi alipatikana mmoja tu. Lyle. Bei aliyotoa ni ya kuninyonga, chini sana ya niliyolipa. Pengo nimeliziba kwa kuuza pikipiki yangu ya theluji. Lyle akaniuliza, "Shemeji, mapazia nikuachie kama kumbukumbu?"

Jumamosi, 25 Januari
Ada ililipwa jana. Viatu vya mpira pia, kutoka Mfukoni, halali kabisa. Leo Solveig alikuja navyo ziwani na ndoo yake mwenyewe, akakaa kando yangu, akinifundisha kusoma umri wa samaki kwenye magamba. Sijawahi kukaa ndooni nikawa na furaha hivi. Lyle akatuletea kahawa. Nilikaribia kumsamehe.

Solveig akataja kwamba muhula ujao chuo kinafungua kozi ya kuchomelea vyuma, na wazee wanakaribishwa. Nikakumbuka. Mfuko unaweza kuhamishiwa kwa ndugu wa familia, hata mzazi! Nikijiandikisha angalau kwa nusu ya masomo, mwanafunzi ni mimi. Na mwanafunzi ana haki ya malazi.

Marlys sijamwambia. Nimeanza kuulizia vibanda. Lyle anauza kimoja, kina mapazia mawili.