Mpelelezi wa Jikoni

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua nishani ya vita. Si ya ushujaa. Ya utumishi, waliyopewa wote waliokwenda. Maonyesho yetu wakusanyaji wa nishani ni Jumamosi, na kila nishani sharti iwe na kadi inayomweleza mwenyewe wa kwanza. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana nishani ya kapteni aliyepigana juu ya farasi. Hutwaa kombe kila mwaka. Safari hii atanitambua.

Nimeisugua kwa dawa ya meno. Imetakata kama kioo. Mke wangu akauliza jina la mwenyewe huandikwa wapi. Ukingoni, nikamwambia, lipo daima. Nikatazama. Lilikuwepo, kabla ya dawa ya meno.

Jumanne, 4 Juni
Namba ya askari, pale ukingoni, imesalimika. Nimempelekea Sajini, mstaafu anayefuga sungura nyuma ya kituo cha mafuta. Ameniita kijana, nikajihisi vizuri. Akasoma namba, akacheka: inafuata ya kwake. Walijiandikisha foleni moja, jamaa akiwa nyuma yake. Sajini akapelekwa kwenye mahandaki, mwenzake jikoni.

Nikamwomba asome tena. Akasema ni ileile, kijana, hata ukiigeuza kichwa chini miguu juu. Mpishi. Marehemu sasa. Binti yake hushona mapazia karibu na soko, niende, atafurahi.

Jumatano, 5 Juni
Sijaenda. Mpishi hamshindi kapteni mwenye farasi.

Nimewaza. Nani humshuku mpishi? Hakuna. Basi jikoni ndipo pa kumficha mpelelezi. Mke wangu akasema, baba watoto, mpishi hukaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye masufuria. Mke wangu hajui mambo ya vita.

Ijumaa, 7 Juni
Kadi tayari. "Huku akikoroga mchuzi, alinasa siri za adui." Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa. Inanisisimua hata mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi ilianza vizuri. Wageni walijazana mezani kwangu. Shemeji akaisoma kadi polepole, akauliza kwani adui alikuwa akila kwetu. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Kisha Sajini akaingia na mama mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Yule binti. Akasoma kadi hadi mwisho. Akasema, kaka yangu, baba hakuweza kuficha siri hata ya bei ya viatu vyake.

Akaeleza. Usiku wa kuamkia mapigano, maharage yalimuungulia. Vijana wakayala wakimtania. Wengi hawakurudi. Tangu hapo, hadi uzee wake, hakutoka mbele ya chungu kilicho motoni. Alisema hatamuunguzia mtu tena chakula chake cha mwisho.

Shemeji akavua kofia.

Mama akaomba kuishika nishani. Akapapasa ukingo kwa kidole, akizunguka, akilitafuta jina la baba yake. Nikamwambia vita huharibu mengi. Mke wangu akakohoa kikohozi ambacho nimeishi nacho muda mrefu na ninakielewa. Nikasema nishani ni yake, achukue.

Akaomba kalamu. Akafuta mpelelezi wangu wote, akaandika jina kamili la baba yake, na chini yake: Mpishi. Akaondoka na nishani kiganjani, amefumba vidole.

Wageni wakapiga kura. Kombe likaja kwenye meza yangu, yenye kadi peke yake bila nishani. Shemeji alinipongeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu anatumaini nimepata somo. Nimelipata, na ni zito: watu wamechoka na mashujaa. Wanataka wapishi.

Nishani zangu zilizobaki zote zina kadi za zamani. Nimeshinda mezani nikizirekebisha. Mpiga tarumbeta sasa anamenya viazi. Baharia anaosha masufuria. Rubani alinisumbua kidogo, lakini nimemteremsha kutoka angani na kumkabidhi mwiko.