Barua ya Uhamisho Yenye Nahau Kumi na Tisa

Jumatatu, 13 Januari

Muhula una wiki moja tu na tayari nimechoka. Ukungu wa Wusi umeingia mpaka kwenye soksi. Miaka tisa nafundisha Kiingereza huku milimani, mke wangu Nabwile yuko Bungoma. Krismasi nilipofika nyumbani, mbwa wangu mwenyewe alinifukuza hadi kwa jirani.

Leo mwalimu mkuu, Madam Alice, ametangaza kwamba muhula huu ofisi ya elimu ya Voi itamwachilia mwalimu mmoja tu ahame kutoka kata yetu. Mmoja! Tunaotaka kwenda ni wawili: mimi, na Katuku wa hesabu, ninayeishi naye nyumba moja. Yeye anataka Makueni kwa sababu ya mamake. Maskini, Kiingereza chake ni cha kuombea chaki.

Mimi nina daftari la nahau mia tatu na kumi na mbili. Nahau kushoto, maana kulia, matumizi chini.

Jumatano, 15 Januari

Nimeandika. Nahau kumi na tisa, ukurasa mmoja! Sikusema nimengoja sana. Nimengoja "till the cows come home". Sikusema nimechoka, niko "at the end of my tether". Mke wangu namwona "once in a blue moon", yaani kwa nadra mno. Kila moja iko mahali pake. Gredi ya Sita niliwapa insha ili wanyamaze nimalize.

Daftari nimelificha ndani ya ndoo ya unga, Katuku asije akaiba hata nahau moja.

Alhamisi, 16 Januari

Katuku hata hajalitafuta. Ameandika barua yake akingoja maharagwe yaive. Mistari mitatu! Mamake amevunjika nyonga, anaishi peke yake, naye Katuku anaomba kuhamia Makueni. Basi. Aliniuliza kama iko sawa. Nilimwambia iko sawa kabisa, asiguse neno. Nikatoka nje nicheke vizuri.

Madam Alice amesoma yangu, akavua miwani, akauliza hasa ninaomba nini. Nikamwonyesha: mstari wa kumi na nne. Akanishauri nibakishe nahau moja. Moja! Huo ni wivu, na sina nguvu za kubishana na wivu.

Jumatatu, 27 Januari

Simu kutoka Voi! Afisa mwenyewe, Bwana Danson. Barua yangu ameisomea ofisi nzima, makarani wakapiga makofi. Ananitaka Jumatano. Nimempigia Nabwile, nikamwambia mbwa afungwe. Godoro nimeshalifunga kwa kamba.

Jumatano, 29 Januari

Nimeteremka Voi. Joto, vumbi, tai shingoni. Bwana Danson alinisalimu kwa mikono miwili. Alisema tangu aajiriwe hajaona Kiingereza cha namna hiyo, na kumwachilia mwalimu kama mimi ni kuidhulumu Taita Taveta nzima. Kuanzia wiki ijayo nitawafundisha walimu wenzangu nahau kila Jumamosi, kutoka Wusi mpaka Chala. Hotuba zake pia nitaziandika mimi. Nilipomkumbusha uhamisho, aliniuliza uhamisho upi. Hakuufikia mstari wa kumi na nne.

Nafasi amepewa Katuku.

Nimerudi nikajitupa juu ya godoro. Sikuwa na nguvu hata ya kufungua kamba.

Jumamosi, 1 Februari

Katuku ameondoka asubuhi. Ameniachia sufuria, akanishukuru kwa kumkataza asiguse neno. Jamani!

Nabwile amepiga simu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, Baba Sylus, waandikie tu kwamba mke wako anakuhitaji nyumbani. Simu ilipokatika nilikaa kitako nikalia kidogo. Nimemkumbuka mke wangu mpaka kifua kinauma.

Kwa hiyo nimeandika rufaa. Kurasa mbili, nahau thelathini na moja, kisha "last but not least", yaani la mwisho lakini si dogo, kisha mstari wa Nabwile, neno kwa neno kama alivyosema. Nikaisoma kwa sauti. Ulikuwa mstari mtupu, hauna nahau hata moja, unatia aibu mbele ya afisa. Nimeufuta. Sasa barua inaishia kwenye "last but not least", na imekaa vizuri sana.