Wateja Watatu na Majivu ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Mtendaji wa mtaa kaja. Kasema nyumba yetu ni ya makazi, kwa hiyo saluni ya mke wangu Bernadeta hapa sebuleni iwe na wateja watatu tu kwa wakati mmoja. Akikuta wa nne, anafunga. Najua aliyetuchongea: Mzee Rugambwa, jirani, mwalimu mstaafu. Eti wateja wanaziba geti lake. Bernadeta kakubali, atawapangia wateja saa zao. Nimekataa. Foleni ndiyo tangazo letu! Saluni ikifungwa tutakula nini? Mimi ni meneja, sina kazi nyingine.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Rugambwa kasimama getini anahesabu wateja kwa vidole. Nimempa shikamoo. Kaitikia marahaba bila kuacha kuhesabu. Ndipo wazo likanijia: watu wakiwa wanasali, si wateja. Nani atazuia sala? Bernadeta hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki tunapopakwa majivu usoni! Siku imejileta yenyewe. Asubuhi wamekuja wateja saba. Nimeweka Biblia juu ya rasta, nikawapa rozari yetu waizungushe. Hellen, kichwa kimesukwa nusu, kalalamika kuwa yeye ni Mlutheri. Nimemwambia ashike tu. Kisha nikaona kasoro: hakuna hata mmoja mwenye majivu usoni. Mbio hadi kwenye jiko la mkaa. Wote saba nimewachora msalaba kwenye paji la uso. Mtendaji alipofika nikamwambia hii ni jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, tunasali. Kavua kofia, kaomba radhi, kaondoka. Ushindi!

Halafu kaingia Mzee Rugambwa. Nilisahau kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Sijahudhuria tangu Krismasi. Kasalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Wameitika wawili. Kawatazama usoni mmoja mmoja.

"Alexander," kasema, "paroko kasafiri, majivu yanatolewa jioni. Hawa wamepakwa na nani?"

Nikaficha vidole vyangu vyenye majivu. Hellen kaonyesha jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Usingizi haukuja. Mzee angeweza kwenda kwa mtendaji na saluni ingefungwa leo. Hakwenda. Kaamua kwamba nyumba hii ina uhitaji mkubwa wa sala. Jumuiya itakutana hapa kila siku hadi Pasaka. Nimeona aibu, nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi
Sebule imejaa hadi mlangoni, na wote ni halali. Hakuna pa kumkalisha hata mteja mmoja. Bernadeta kachukua vitana vyake, anawafuata wateja makwao kwa saa alizowapangia. Anasema kazi imeongezeka. Leo kamsuka mke wa Mzee Rugambwa. Mimi nimepiga magoti tangu mchana, na yanauma sana.

Jumapili, 9 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Sala haikuwa kosa, kosa lilikuwa majivu. Baada ya Pasaka nitamwambia mtendaji kuwa hapa pana mazoezi ya kwaya. Kwaya haina kikomo cha watu. Nasikia mwalimu wa kwaya ni Mzee Rugambwa. Si neno, nyimbo nyingi nazijua.